Lenzi Pana ya Mtu Mwenye Pesa Kidogo

Jirani zangu wa hapa New Congo walipoitwa kusafiri, waliniomba picha moja tu. Walikuwa watu wanane. Saba walikuwa na safari. Wa nane alikuwa bibi yao, tuliyemwita Koko kama wanavyoitwa mabibi kwetu Kivu. Faili lake halikuwa pamoja na lao, kwa hiyo yeye alikuwa anabaki. Miguu yake ilikuwa imevimba, nje mvua inanyesha, basi ikabidi picha ipigwe ndani, kwenye chumba cha udongo cha mita tatu kwa tatu.

Niliegemea ukuta mpaka udongo ukanishika mgongoni. Kamera yangu ni Zorki-4, na lenzi niliyokuwa nayo ni ile ya milimita 50 iliyokuja nayo. Kwenye kidirisha nikaona watu sita na nusu. Nikasema, sogeeni, mtoto apande mapajani, papa inama kidogo. Wakabanana, nikapiga. Filamu ilipooshwa, Koko hayumo. Yumo mkono wake tu, umelala kwenye bega la mjukuu, umekatwa kwenye kifundo.

Utasema: si kulikuwa na simu? Ndiyo, kijana wao alipiga kwa simu, na Koko alitokea vizuri kabisa. Simu hiyo ilipotea njiani kabla hawajafika. Miezi mitano baadaye Koko alifariki. Kwa hiyo picha pekee ya familia ile yote ni hiyo yangu, na hiyo yangu haina uso wa mkubwa wao.

Ndipo nilipoanza kutafuta lenzi pana. Nilisoma, niliuliza, nilinunua vibaya, kisha nikanunua vizuri. Humu nazihukumu hizo lenzi, na nahukumu pia picha ambazo watu hupiga nazo sisi tukiwa ndani yake. Mwanzoni nilidhani hayo ni mambo mawili. Siku hizi sidhani.

Kwanza hesabu, na ninyi wa simu msiondoke. Picha moja kwenye filamu ya 35 ina upana wa milimita 36. Chukua 36, gawa kwa namba ya lenzi, zidisha kwa umbali uliosimama: utapata upana wa kile utakachokamata. Siku ile nilikuwa mita 2.3 kutoka kwa watu. Lenzi ya 50 ilinipa mita 1.66. Mstari wao ulikuwa mita mbili na kidogo. Hicho kidogo ndicho alichokuwa amekalia Koko. Lenzi ya 35 ingenipa mita 2.37, na angekuwemo. Ya 28 ingenipa karibu mita tatu, ya 20 zaidi ya mita nne, na ya 15 mita tano na nusu, yaani ukuta wote na kuta za pembeni pia. Simu nyingi, kwa hesabu hii, lenzi yake kuu iko kati ya 24 na 28. Kwa hiyo wewe mwenye simu tayari unatembea na lenzi pana mfukoni, na maneno yangu yanakuhusu.

Sasa kamera yenyewe. Zorki ni kamera ya renjifainda. Hutazami kupitia lenzi, unatazama kwenye dirisha dogo lililo pembeni. Katikati ya dirisha kuna doa lenye picha ya pili. Unazungusha lenzi mpaka picha mbili zilaliane ziwe moja, hapo umbali umepatikana. Ni kitu kizuri, chepesi, na hakidai betri. Mzee aliyenipa alisomea Moscow, kwenye chuo kikuu kilichopewa jina la Lumumba mwaka 1961. Alirudi na digrii na kamera. Digrii iliungua pamoja na nyumba. Kamera alivuka nayo mpaka ikiwa imefungwa kwenye kitenge.

Lakini dirisha lile lina kasoro moja ambayo ni lazima uijue kabla ya kutoa pesa: halijui umeweka lenzi gani. Ukiweka pana, ukiweka nyembamba, ukisahau kifuniko mbele, dirishani kila kitu ni kilekile na ni safi. Unaweza kukosea siku nzima ukiwa na furaha.

Mimi nilikosea siku nzima. Mtu mmoja, simtaji, aliniuzia lenzi inayoitwa Mir-1, milimita 37, f/2.8. Bei ilikuwa nzuri. Uzi wake ni wa milimita 39 kama wa Zorki, ukaingia bila shida, ukakaza. Nikapiga filamu nzima, picha 36: ubatizo, wachezaji wa mpira, mama muuza mandazi na bintiye. Zote zikatoka ukungu mtupu. Kumbe Mir-1 ya uzi ule ilitengenezwa kwa ajili ya kamera za Zenit, ambazo ndani zina kioo cha kuruka. Kwenye Zenit lenzi inakaa milimita 45.2 kutoka kwenye filamu. Kwenye Zorki inakaa 28.8. Uzi ni sawa, nyumba ni tofauti. Lenzi ilikuwa imeingia ndani zaidi kwa milimita 16 na zaidi, haikuweza kuona kitu chochote sawasawa, na dirisha langu halikunong'ona hata neno.

Kuna njia rahisi ya kugundua udanganyifu huo, na nakupa bure kwa sababu mimi niliilipia: funga lenzi, tazama dirishani, zungusha pete ya umbali. Kama picha ya pili haisogei, usilipe.

Lakini ile Mir-1 sikuitupa, na sababu yake ni hii. Lenzi hiyo ilishinda tuzo kuu kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels mwaka 1958, na nyingi zimechorwa habari hiyo usoni, kwenye pete ya mbele. Sisi Wakongo tunayajua maonyesho yale kwa jambo lingine. Wabelgiji walijenga pale kijiji cha Kongo, wakaweka watu wetu nyuma ya ua wafanye kazi za mikono huku wageni wakiwatazama. Wageni wengine waliwarushia ndizi na sarafu. Watu wale walichoka na dharau, wakarudi nyumbani kabla maonyesho hayajafungwa. Nilipolijua hilo nilikaa na lenzi mkononi kwa muda mrefu. Uwanja ule mmoja, mwaka ule mmoja, walitoa tuzo kwa kifaa cha kutazamia, na hapohapo palikuwa na watu wanaotazamwa kupitia ua. Kosa halikuwa la lenzi. Lakini tangu hapo, nikiona picha ya mkimbizi, swali langu la kwanza ni moja: ua uko wapi? Yaani aliyepiga alisimama wapi, na aliyepigwa angeweza kumwambia neno akasikia?

Turudi dukani. Ukianza kutafuta lenzi pana, watu watakusukuma kwenye pana kupita zote. Iko Russar MR-2 ya milimita 20, f/5.6, kazi ya Mrusi Mikhail Rusinov, ambayo mwaka 2014 kampuni ya Lomography iliirudisha sokoni. Iko Voigtländer ya milimita 15, f/4.5, iliyotoka mwaka 1999. Ni lenzi za ajabu, mistari yake haipindi. Lakini zote mbili haziunganiki na lile doa la kupimia umbali. Unakadiria kwa macho na kuweka namba. Pia unahitaji kidirisha cha kuchomeka juu ya kamera, na hicho ni bei nyingine. Na mwanga wake ni mdogo: kwenye chumba cha udongo chenye dirisha la ukubwa wa sahani, f/5.6 ni giza.

Kuna jingine zaidi ya bei. Lenzi pana kiasi hicho humvuta mtu aliye pembeni. Mgeni mmoja alikuja siku ya rasheni na kitu cha namna hiyo, akapiga mstari wote kwa mara moja. Mama mmoja aliyekuwa ukingoni mwa picha kichwa chake kikatoka kama papai lililolazwa. Picha ikachapwa kwenye bango. Watoto wakamwita Mama Papai hadi akahama njia ya kwenda kisimani. Aliyepiga hakuwa na nia mbaya, alitaka watu wote waonekane. Ila alisahau kwamba kwenye lenzi ya namna ile, anayewekwa pembeni ndiye anayelipa.

Wengine hufanya kinyume: wanabaki kwenye gari na lenzi ndefu. Hapo sisi hutoka kama samaki wakavu kwenye fungu, kichwa juu ya kichwa, hakuna nafasi kati ya mtu na mtu. Watu husema lenzi ndefu inabana. Si kweli. Kinachobana ni umbali. Simama mbali na kitu chochote, tazama hata kwa macho matupu, vilivyo mbele na vilivyo nyuma vinakaribiana. Lenzi ndefu inakata tu kipande cha kile ambacho mtu aliyesimama mbali anakiona. Kwa hiyo nikiona picha za makambi ambamo tumerundikana, najua hatua ngapi mpigaji hakutembea.

Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania ndani ya kama siku moja, wakakaa Benaco, Ngara. Marehemu Sebastião Salgado alifika huko, na picha zake zimo kwenye kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu watu wanaohama duniani. Nimekitazama sana. Ni picha kubwa, siwezi kusema vingine. Anajua mwanga, anajua moshi wa asubuhi, na hakuja kucheka watu. Lakini nikifunga kitabu, kinachobaki kichwani ni umati. Susan Sontag wa Marekani aliandika mwaka 2003 akimlaumu kwamba watu kwenye picha hizo hawatajwi majina. Nakubaliana naye, na naongeza la fundi: jina hulipati ukiwa mita ishirini. Jina unaambiwa ukiwa mita mbili.

Kwa upande mwingine kuna Josef Koudelka wa Czechoslovakia. Miaka ya 1960 aliingia kwenye nyumba za watu wa jamii ya Roma, vyumba vidogo kama vyetu, na lenzi ya milimita 25. Hiyo ni pana kuliko ninayokusifia hapa, na kamera yake haikuwa renjifainda. Hata hivyo kwenye picha zake mtu anakutazama machoni, na unajua kwamba aliyepiga alikuwa amekaribishwa ndani. Mwaka 1970 yeye mwenyewe aliikimbia nchi yake, akaishi miaka mingi bila uraia, hadi Ufaransa ilipompa mwaka 1987. Kwa hiyo sisemi lenzi pana sana ni dhambi. Nasema inadai ukaribu mwingi kuliko watu wengi walivyo tayari kuutoa. Ukiishika bila ukaribu huo, unakusanya vichwa tu.

Kwetu tuna methali: fimbo ya mbali haiui nyoka. Wapiga picha wanaipenda. Nami naipenda, ila sisi si nyoka, kwa hiyo ukisogea, sogea na salamu.

Basi niliamua milimita 35, na sababu yangu kuu ni hesabu ile ya mwanzo. 36 gawa kwa 35 ni kama moja. Maana yake upana unaokamata ni sawa na umbali uliosimama. Ukiwa mita mbili unapata mita mbili za watu. Ukitaka mita tatu, simama mita tatu. Huhitaji kitabu, miguu inatosha. Na mita mbili ni umbali wa mazungumzo: mtu anakusikia, unamsikia, na akisema hapana, huwezi kujifanya hukusikia.

Ndani ya 35 pia kuna bei na bei. Voigtländer Color-Skopar ya f/2.5 na Canon ya f/2.8 ya zamani, zile za uzi, zinaingia kwenye Zorki na ni nzuri. Ukizipata kwa bei ndogo, chukua usiulize. Mimi sikuzipata. Lenzi za Leica za M usizihangaikie, hizo hazina uzi, zina mfumo mwingine wa kufunga. Kuna Orion-15 ya Kirusi, milimita 28, safi sana, ila inaanzia f/6. Hiyo ni lenzi ya juani, na misiba na ubatizo wetu mwingi uko ndani.

Nilichonunua ni Jupiter-12, milimita 35, f/2.8. Asili yake ni Biogon, ambayo Ludwig Bertele aliichora kwa ajili ya Zeiss miaka ya 1930. Baada ya vita Wasovieti walichukua michoro, vioo na mashine za Wajerumani kama fidia, wakaendelea kuitengeneza kwa jina lao. Unaweza kusema ni lenzi iliyohamishwa. Dada yangu aliyefika Ulaya aliipata kwa dola 75, ikaja na msafiri ndani ya soksi. Dola 75 si kidogo kwa mtu wa hapa, hasa rasheni ikiwa imepunguzwa mara kadhaa tangu 2020. Nililipa kwa picha za pasipoti, miezi saba.

Nisiifiche kasoro. Kioo chake cha nyuma kinatokeza sana, kinakaribia kugusa pazia la kamera, na ni rahisi kukikwaruza. Kitazame kwa tochi kabla ya kununua, ndicho roho yake. Kwenye baadhi ya kamera nyingine haiingii salama kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo uliza kwanza. Pete ya tundu la mwanga imejificha mbele ndani, ukitaka kuibadilisha unaweza kugeuza na umbali bila kujua. Kwenye f/2.8 pembe za picha zina giza. Haikubali karibu zaidi ya mita moja. Pia zipo za aina mbili: za uzi, na za kamera za Kiev ambazo hazina uzi. Hakikisha ya uzi. Na tafadhali, kwenye Zorki, vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi. Ukifanya kinyume utaharibu mtambo, na fundi wake hapa hayupo.

Faida zake: doa la umbali linafanya kazi, f/2.8 inatosha kwa chumba chenye mlango wazi, na juani ukiweka f/8 na umbali wa mita tatu, kila kitu kuanzia mita mbili hadi saba kinatoka safi. Ile ya 50 kwa mpangilio huohuo ingekupa kuanzia mita 2.3 hadi 4.2 tu. Mtoto hasubiri ulenge, na lenzi hii inamsamehe.

Kidirisha cha 35 cha kuchomeka juu kilikuwa karibu bei ya lenzi. Sikukinunua. Nilikata tundu la milimita 72 kwa 48 kwenye boksi la sabuni, nikagundisha kijiti cha sentimita 7, unagusisha kijiti kwenye shavu chini ya jicho na kutazama kupitia tundu. Ni hesabu ileile ya 36, 24 na 35, imezidishwa mara mbili. Watu wanacheka nikilitoa. Waache wacheke, mtu anayecheka amekwisha kunizoea.

Ndugu zetu wa mashirika, ombi langu kwenu ni dogo. Siku mkituletea mpiga picha, msiishie kwenye karatasi ya ridhaa. Mwulizeni atasimama wapi. Kama jibu ni mita mbili, aje, viti vipo.

Ile picha ya kwanza baadaye niliisafisha upya ili niwatumie. Nilifikiri nikate ukingo, ule mkono usionekane, picha ipendeze, familia ionekane imekamilika. Baba wa familia nilipompigia akasema, usiukate. Akaniambia yule mjukuu anamwonyesha kila mgeni bega lake kwenye picha na kusema nani alikuwa amemshika. Nikaituma ilivyo.

Jumapili baada ya ibada niko karibu na soko la Base Camp na boksi langu la sabuni. Mwenye chumba kidogo na watu wengi aje tupime pamoja. Wa pembeni nitaanza naye.